Tupeane uzoefu: namba ndefu iliyowahi kukutoa jasho

Wakuu salaam. Nianze mimi. Naandika vitabu vya mahesabu kwenye duka la jumla. Mwisho wa mwezi daftari na benki zikapishana 9,000, na bosi keshaanza kumtazama keshia kwa jicho baya. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisema, tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, usimshuku mtu kwanza, tafuta tarakimu zilizobadilishana viti. Nikakuta 4,587,300 imeandikwa 4,578,300. Keshia akapona. Haya, leteni zenu.

Mchangiaji wa 2: Namba za NIDA, za vitambulisho vya taifa. Zina tarakimu 20. Mimi ni katibu wa kikundi, nikaziingiza za wanachama wote kwenye Excel, nikahifadhi, nikalala. Asubuhi kila namba inaishia na sifuri tano! Kumbe Excel hushika tarakimu 15 tu, zinazozidi inazigeuza sifuri. Ilitakiwa safu ile niiweke kuwa ya maandishi kabla sijaandika chochote. Nilipiga simu kwa mmoja mmoja, wengine wakadhani natapeli.

Mchangiaji wa 3: 2,147,483,647. Niliunda programu ya mauzo, hapo ndipo mwisho wa namba iliyoweza kushika, jumla ikipita hapo inageuka hasi. Shilingi yetu ilivyo na sifuri nyingi, mteja wangu wa saruji alifika bila hata kujikongoja. Ananipigia: "Fundi, mashine inasema nadaiwa bilioni mbili." Ni mbili 31 zikizidishwa pamoja, toa 1. Na ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1772. Mimi wakati ule utasa wake haukunisaidia kitu.

Mchangiaji wa 4: Mie ni mchezo tu na binti yangu. Andika tarakimu tatu, zirudie: 482482. Gawa kwa 7, kisha 11, kisha 13. Inarudi 482. Siri ni kwamba 7 × 11 × 13 ni 1,001. Sasa anawala wenzake karanga shuleni.

Mchangiaji wa 5: Nyie mna nafuu. Mwanahisabati Fermat alidhani 4,294,967,297 ni tasa, Euler akaivunja mwaka 1732. Nilisoma hilo bila kuambiwa kigawo chake, umeme umekatika, nikachukua daftari na kalamu. 3, 5, 7, 11, naenda nayo. Siku nne. Imekubali kwa 641, ambayo ni tasa ya 116! Jibu 6,700,417.

Mchangiaji wa 3: Mkuu, umejitesa. Kigawo cha namba ile lazima ukikigawa kwa 64 kibaki 1. Kabla ya 641 tasa za namna hiyo ni nne tu: 193, 257, 449 na 577.

Mchangiaji wa 5: Nne?

Mchangiaji wa 3: Nne.

Mchangiaji wa 5: Daftari lenyewe mke wangu keshafungia vitumbua. Afadhali.