Deki yangu ya Mewtwo ex na Pikachu ex: niiache au niivunje?

Mgosi_Ngamiani
Habari zenu wadau. Nacheza Pokémon TCG Pocket, ule mchezo wa kadi wa kwenye simu, na huku Tanga mpinzani wangu mkubwa ni kaka mmoja mwenye duka la vipuri Barabara ya 12. Jioni akishafunga duka tunaingia mechi kwa neno la siri, na deki yake (fungu lake la kadi 20) ya Pikachu ex inanitoa jasho. Naombeni mnipimie yangu, maana nimeijenga kwa mapenzi na sitaki kuivunja bila sababu.

Kadi 20 ni hizi: Mewtwo ex 2, Ralts 2, Kirlia 1, Gardevoir 2, Pikachu ex 2, Zapdos ex 1, Professor's Research 2, Poké Ball 2, X Speed 2, Potion 2, Sabrina 1, Giovanni 1. Nishati nimechagua mbili, zambarau ya akina Mewtwo na njano ya umeme ya akina Pikachu. Nia yangu Pikachu aanze kupiga mapema, Mewtwo aje kumaliza.

Dada_Raskazone
Mdogo wangu, hapo una deki mbili zinazogombania benchi moja, pale wanapokaa Pokémon wanaosubiri nyuma ya anayepigana. Pikachu ex anapiga 30 kwa kila Pokémon wa umeme aliyekaa benchi, na benchi ina nafasi 3 tu. Ukishawaweka Ralts na Mewtwo, Pikachu wako anabaki na 30 wakati wa mwenzako anashusha 90. Halafu ukichagua nishati mbili, mchezo ndio unaoamua itoke ipi. Pikachu anasubiri njano, inakuja zambarau, zamu imeliwa.

Wengi wanamtazama Mewtwo, lakini uhai wa deki hii ni Gardevoir. Psydrive, pigo kubwa la Mewtwo la nishati 4, inapiga 150 na inamvua zambarau 2. Zamu inayofuata unamwekea 1 kwa mkono wako, Gardevoir anamwongezea 1, Mewtwo anapiga tena. Bila Gardevoir, pigo moja halafu unakaa kutazama.

Ralts anageuka Kirlia, Kirlia anageuka Gardevoir. Piga hesabu ukicheza wa pili. Zamu ya kwanza Ralts benchi, nishati kwa Mewtwo. Ya pili Kirlia, nishati ya pili. Ya tatu Gardevoir, nishati ya tatu na ile ya kwake, jumla 4: Psydrive. Pikachu ex ana uhai 120, anaondoka na pigo moja na wewe unachukua pointi 2 za ex, kati ya 3 za kushinda mechi. Ukicheza wa kwanza huna nishati zamu ya mwanzo, kwa hiyo Psydrive inasogea hadi ya nne.

Sasa yote hayo yanapita kwa Kirlia, nawe unaye mmoja kati ya kadi 20! Hapo ndipo panaponiuma. Toa Pikachu wote na Zapdos, ingiza Kirlia wa pili, Sabrina wa pili, Giovanni wa pili. Nishati iwe zambarau peke yake.

Makorora_Kadi
Nakubaliana na dada, ila Giovanni wa pili, kadi ya kuongeza nguvu ya pigo, ningemwacha nje niweke Jynx, Pokémon wa zambarau asiye ex. Pikachu ex akicheza wa pili anaanza kupiga 90 zamu yake ya pili, na Mewtwo ana uhai 150. Mapigo mawili kaenda, Gardevoir ndiyo kwanza anafika. Jynx akae mbele apokee, akianguka ni pointi 1.

Dada_Raskazone
Kaka, pointi 1 ya Jynx na 2 za Mewtwo ni 3, mechi imeisha. Na Poké Ball inavuta Pokémon wa msingi, yaani asiyetokana na mwingine, bila kuchagua. Wakiwa Mewtwo na Ralts tu, chochote kinachokuja unakihitaji. Jynx anaharibu hilo.

Makorora_Kadi
Kwa deki nyingine sawa. Kwa huyo wa vipuri mwenye kasi, bado naona Jynx.

Mgosi_Ngamiani
Nimewaelewa, njano zote nazitoa leo. Nikipewa Mewtwo peke yake mwanzoni, nifanyeje?

Dada_Raskazone
Mwache mbele, nishati zote kwake. Kwa nishati 2 anapiga 50, usikae bure. Professor's Research usiicheleweshe, inavuta kadi 2, mtafute Ralts. Na Sabrina mtunze: Pikachu wa mwenzako akishajaa nishati mrudishe benchi, mwenzako alazimike kumleta mwingine ambaye hajajiandaa. Zamu hiyo moja ndiyo anayoihitaji Gardevoir.