Naomba ushauri: nipimeje plagini (programu ndogo za kuiongezea tovuti kazi) kabla ya kusasisha?

Jambo ndugu zangu. Niko Bukavu, natunza tovuti saba za wafanyabiashara zilizojengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Wiki iliyopita wenye seva tunayokodi walipandisha PHP, lugha ya programu inayoendesha WordPress, kutoka toleo 7.4 hadi 8.2, na duka la mama mmoja wa vitenge pale Kadutu likabaki ukurasa mweupe. Mama huyo alinipigia simu huku mteja wake amesimama mbele yake. Aibu niliyoona!

Kuchungulia faili la makosa, kumbe ni mstari mmoja wa plagini ya usafirishaji: unaita count(), amri ya kuhesabu vitu, juu ya kitu kilicho null, yaani kisicho na thamani yoyote. Kwenye 7.4 hilo ni onyo tu, kazi inaendelea. Kuanzia 8.0 ni kosa linalosimamisha kila kitu.

Mpaka sasa napima kwa mkono: nafungua duka, natia kitenge kikapuni, nafika malipo. Lakini matoleo matatu ya PHP, mara mawili ya WordPress, mara matoleo mawili ya plagini ya duka, ni mizunguko 12, na umeme wa huku haunisubiri.

Nawaza GitHub Actions, huduma ya mtandaoni ya kuendesha majaribio yenyewe, izungushe michanganyiko hiyo usiku, na Playwright, programu ya kuendesha kivinjari, ibonyeze vitufe badala yangu. Je, kwa tovuti saba tu nipime yote 12, au toleo ninalotumia na linalofuata yatosha? Na plagini za kulipia mnaziingizaje kwenye majaribio bila kuanika ufunguo wa leseni? Hili ndilo linaninyima usingizi. Yule mama ameshaanza kuniuliza kama Facebook peke yake haitoshi.