Dodoma na Bukoba, mbona mvua zinapishana hivi?

Mhaya_Mgeni: Wakuu habari, nimehamishiwa Dodoma kikazi nikitokea Bukoba, huku toka mwezi wa tano ni vumbi na upepo tu hata tone hamna wakati kwetu mvua haikatiki. Kwa nini? Na watu wanalima nini?

Mtu wa Chamwino: Karibu ndugu. Msimu wa mvua ni mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, kwa mwaka kama milimita 570. Tunalima uwele, mtama, alizeti, na zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, hilo jua unalolilalamikia ndo linazitia utamu, mvua ikizidi zinashikwa na ukungu zinaoza.

Mama Kibanja: Mwanangu, Bukoba inabebwa na ziwa. Upepo wa mashariki unavuka Victoria unazoa unyevu unakuja kuumwaga kwetu, ndo maana radi nyingi zinapiga alfajiri. Milimita kama 2000! Ila mvua hiyohiyo inaosha rutuba, bila samadi na kutandaza nyasi migomba inadhoofu.

Mhaya_Mgeni: Asante mama, shikamoo. Zabibu nitazijaribu.