Injini ndogo ya kushanti: tani 30 ya giaboksi au tani 50 ya dizeli-umeme?

Hayradini: Wadau, tunachagua injini ya kupanga mabehewa kwenye reli ya ndani ya kiwanda. Moja ni tani 30, hospawa 200, giaboksi ya kawaida. Nyingine tani 50, hospawa 350, dizeli-umeme, yaani dizeli inazalisha umeme wa kuzungusha mota za magurudumu. Ipi inavuta zaidi?

FundiBogi: Mkuu, mwinuko je? Uzito wa mabehewa? Hospawa zinaleta kasi. Kung'oa mzigo ni uzito ulio juu ya magurudumu yanayoendeshwa. Reli kavu chukua robo yake: tani 30 inatoa nguvu ya kilo 7,500. Reli ikilowa au ikiwa na grisi, hesabu asilimia 15, yaani 4,500.

Hayradini: Mabehewa 8, yamejaa. Kuna kamlima.

MchangaMkavu: Kamlima ka asilimia ngapi? Kila asilimia 1 inadai kilo 10 kwa tani. Kuondoka kwenyewe weka kilo 8 nyingine, na zaidi kama beringi ni za bushi, yaani ekseli inasugua chuma bila rola.

FundiBogi: Tuseme asilimia 1, behewa tani 60, jumla 480. 7,500 gawa kwa 18 (zile 10 na 8) ni tani 416, toa injini yenyewe, zinabaki 386. Imeshindwa hata pakiwa pakavu. Ile ya 50 inapata 644 pakavu, 366 pakilowa.

Reli_Nyembamba: Class 08, injini ya kushanti ya dizeli-umeme ya Uingereza, ina hospawa 350 tu lakini inavuta kilonyutoni 156 (kama kilo 15,900). Class 03, hospawa 204 na giaboksi, 68 (kama kilo 6,900). Ila mimi ningetafuta ya haidroliki, inayopitisha nguvu kwenye mafuta, inaondoka taratibu bila kushtua viunganishi vya mabehewa.

MchangaMkavu: Haidroliki ikishikiliwa kwa nguvu mzigo haujasogea, nguvu yote inageuka joto ndani ya mafuta. Mafuta yanaungua, sili zinakakamaa, zinaanza kuvuja, shinikizo la klachi linashuka, klachi inateleza na kuzidisha joto lilelile. Dereva anaona injini inanguruma tu.

Reli_Nyembamba: Na mota za umeme zikishikiliwa zimesimama? Mkondo unaunguza komyuteta, ile sehemu ya mota inayopokea umeme kutoka kwenye brashi, sehemu zilezile. Hakuna iliyo salama kwa dereva asiyeangalia geji, kama ammita ya kupima mkondo.

MchangaMkavu: Ndiyo maana nasema mchanga wa kumwaga kwenye reli, magurudumu yashike! Uwe mkavu, umechekechwa, na bomba lielekee pale gurudumu linapogusa reli. Likipinda kidogo, mchanga unamwagika pembeni bure.

Hayradini: Basi nichukue ya 50?

FundiBogi: Bado hujasema kona za reli ni kali kiasi gani, maana nazo zinaongeza ukinzani. Na mabehewa yana breki za hewa zinazofanya kazi? Kama hazipo, tani 480 kwenye mteremko huo zinaweza kuisukuma injini, hasa reli ikilowa.

Hayradini: Mabomba ya hewa yapo. Kompresa ya kuyajaza hewa sijakagua.