Chopin Op. 35: Paris, Leipzig na London hazikubaliani. Nifuate lipi?

NotaNyeusi ameuliza:

Wakuu, nina skani za matoleo matatu ya kwanza ya Sonata ya Chopin ya B flati maina, Op. 35, yote ya 1840: Troupenas wa Paris, Breitkopf & Härtel wa Leipzig na Wessel wa London. Orodha ya tofauti imefika kurasa nne na bado niko muvumenti ya kwanza. Kubwa kuliko zote ni alama ya kurudia. Leipzig ina nukta mwanzoni mwa baa ya 5, pale *Doppio movimento* (sehemu ya mwendo wa kasi maradufu) inapoanza. Paris na London hazina. Mpigaji arudi baa ya 1 kwenye *Grave* (utangulizi wa polepole) au baa ya 5? Na kwa jumla, niandike lile linaloungwa mkono na matoleo mawili kati ya matatu?

BaaKwaBaa:

Mkuu, usipige kura hata kidogo. Kwanza jua kila mchapishaji alichonga mabamba yake ya kuchapia akiwa na karatasi gani mezani. Chopin aliuza kazi ileile Paris, Leipzig na London kwa wakati mmoja ili haki zisiporwe nchi kwa nchi, na kila duka lilipelekewa chanzo chake: muswada wa mkono wake, nakala iliyoandikwa na mtu wa karibu, au prufu (kurasa za majaribio za kusahihishia) za toleo jingine. Wessel mara nyingi alipata prufu za Paris. Ikiwa ndivyo, Paris na London kukubaliana hakuna uzito. Ni sauti moja na mwangwi wake.

Namna ya kupima: usihesabu pale yanapopatia, tafuta yanapokosea pamoja. Nota iliyochongwa mstari mmoja juu ya mahali pake, kiunganishi kilichokatika mwisho wa mstari, alama ya kufuta (ya kuondoa shapu au flati) iliyosahaulika ndani ya kodi (nota zinazopigwa pamoja) ambayo bila hiyo haisikiki sawa. Ukikuta makosa matano au sita ya namna hiyo, yaleyale Paris na London, na Leipzig hayamo, basi London ni mtoto wa Paris. Pale mtoto anapotofautiana na mzazi, mshuku kwanza msahihishaji wa duka, isipokuwa kama prufu zilizovuka bahari zilitoka kabla Chopin hajamaliza kusahihisha. Hiyo "isipokuwa" ndiyo inayokula siku nzima.

Upande wa Leipzig una bahati: nakala ya mkono ya Adolf Gutmann, mwanafunzi wa Chopin, ndiyo iliyotumika kuchongea, nayo ipo Warsaw. Kila kitu kilichomo kwenye chapa ya Leipzig lakini hakimo kwenye nakala hiyo kimeongezwa dukani au kwenye prufu.

Sasa kurudia. Sikiliza kodi za mwisho kabla ya alama: zinaishia kwenye A flati yenye saba, zinaidai D flati. Baa ya 1 inaanza na oktavu za D flati. Ukirudi huko, deni limelipwa. Ukiruka hadi baa ya 5 unaangukia B flati maina. Sikio linapokea, ndiyo maana wengi wamepiga hivyo miaka mingi bila kushtuka, ila mshikamano wa kwanza una nguvu zaidi. Hata Breitkopf wenyewe, walipotoa mkusanyo wa kazi zote za Chopin mnamo 1878–1880, Brahms akiwa mmoja wa wahariri, waliacha njia ya nukta za baa ya 5. Mimi ningerudi *Grave*.

BambaLaBati:

Naongezea jambo ambalo wengi hulipita: una hakika hizo skani ni za chapa ya kwanza? Mabamba yalitumika miaka mingi na namba ya bamba chini ya ukurasa haikubadilika, hata nota zilipobadilishwa. Soma jina la duka na anwani. Duka la Troupenas liliingia mikononi mwa Brandus mwaka 1850; Wessel alikuja kuwa Ashdown & Parry mwaka 1860. Ukiona majina hayo mapya, unashika chapa ya baadaye. Breitkopf ndio wabaya zaidi, kwa sababu jina halikubadilika. Linganisha bei na muundo wa ukurasa wa jina.

Pia jua kosa linasahihishwaje. Mchongaji aligonga vichwa vya nota kwa mhuri wa chuma kwenye bamba laini la bati na risasi, akiandika kinyumenyume. Kufuta, alipiga bamba kwa nyuma hadi shimo lifumbe, akalainisha, akagonga upya. Mara nyingi kivuli cha nota ya zamani kinabaki, na mistari mitano hapo hupinda kidogo. Sehemu kama hiyo ina thamani: mtu aliamua kubadilisha.

NotaNyeusi:

Asante sana. Kivuli cha namna hiyo kwenye skani nyeusi-nyeupe kitaonekana kweli?

BambaLaBati:

Hapana. Skani za rangi mbili tupu, kama nyingi za IMSLP (maktaba ya nota mtandaoni), humeza vivuli na nukta ndogo. Tafuta ya kijivu au ya rangi, dpi 300 kwenda juu. Nukta ya stakato (ya kukata nota fupi) ukiitilia shaka, fungua nakala ya pili ya chapa ileile: uchafu utakuwa kwenye moja, nukta itakuwa kwenye zote.

Kulaza picha mbili juu ya nyingine kwenye programu kunafaa kwa chapa mbili za bamba moja tu. Paris na Leipzig zimepangwa tofauti, utapata utando wa buibui.

MkonoWaKushoto:

Kwenye kusoma, usisome kila kitu kwa mara moja, jicho litasahihisha lenyewe na hutajua. Pita nne: sauti za nota na alama za shapu, flati na kufuta, kisha muda na viunganishi, kisha matao (mistari ya kuunganisha nota katika pumzi moja), mwisho nguvu ya sauti na pedali. Mkono mmoja mmoja. Jedwali liwe na baa, mkono, pigo, halafu safu kwa kila chanzo, na andika ulichokiona kabla ya maoni yako.

Pedali usizitegemee hadi milimita. Nyota ya kuachia pedali husogezwa pale mchongaji alipopata nafasi.

Ninachopingana kidogo na BaaKwaBaa: ukoo wa vyanzo haumalizi kila kitu. Prelyudi ya C maina, Op. 28 namba 20, pigo la mwisho la baa ya 3: matoleo ya 1839 hayana flati kwenye E, lakini Chopin aliiongeza kwa mkono kwenye nakala ya Jane Stirling, mwanafunzi wake. Hapo vyanzo vya mwanzo havina kosa la kuchonga. Nakala za wanafunzi ziwekee safu yake.

BaaKwaBaa:

Nakubali, safu ya tano. Na usiamini tangazo la mbele ya kitabu. Nägeli wa Zürich alipochapisha Op. 31 namba 1 ya Beethoven mwaka 1803 aliongeza baa nne zake kwenye muvumenti ya kwanza. Simrock wa Bonn akatoa nyingine mwaka huohuo iliyojitangaza kuwa sahihi kabisa: "Editiou très correcte". Ndiyo, "Editiou", *n* imegeuzwa juu chini.