Naomba ushauri: nibishaneje na nisiowajua kuhusu sheria, teknolojia na siasa za dunia hadi mjadala ufike mahali?

Kalamu_Tulivu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna mijadala mitatu ninayoipenda kuliko yote: akili mnemba na sheria zake, faragha ya mawasiliano, na siasa za mataifa makubwa. Kati ya watu wangu wa karibu hakuna anayeweza kukaa nami tukaongelea kura ya turufu (ile ya kuzuia uamuzi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa) hadi usiku, kwa hiyo naongea na watu nisiowajua mtandaoni. Nimejifunza mengi kwa njia hiyo na sina mpango wa kuacha. Shida ni kwamba mijadala mingi inaharibika kwa namna ileile, na sijui niishike wapi isiponyoke.

Mfano wa juzi. Mtu aliandika kwamba ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, haiwezi kumgusa kiongozi wa nchi ambayo si mwanachama wa Mkataba wa Roma, ulioianzisha mahakama hiyo. Nikamjibu kwamba mkataba wenyewe hausemi hivyo. Akauliza, "Mbona basi hajakamatwa?" Nikaeleza kwamba hati ya kukamatwa ni jambo moja na kukamatwa ni jingine. Akahamia Iraq ya 2003. Sijamaliza Iraq, akaleta Libya ya 2011, halafu dola ya Marekani, halafu akaniuliza nani ananilipa. Waliokuwa wanasoma wakampongeza yeye.

La pili ni wale wanaobandika maelezo marefu yaliyotoka kwenye programu za akili mnemba. Aya kwa aya, vifungu vya sheria, majina ya kesi, lugha imenyooka. Nikienda kuvitafuta vifungu, vingine havipo duniani. Nikisema havipo, linabandikwa jibu jingine refu kuliko la kwanza.

Naomba mnisaidie: mtu anayestahili muda wangu nitamjuaje? Na nimjibuje anayeruka kutoka mada moja hadi nyingine? Naheshimu sana mawazo ya watu humu, na nitasoma kila jibu.

Mzee_wa_Hoja

Achana nao mkuu. Mtu mzima ukimpa ushahidi unaopinga anachoamini ndiyo kwanza anakishikilia zaidi. Utafiti wa jambo hilo upo. Soma vitabu, muda wako utunze.

Binti_Takwimu

Mzee wangu, kwa heshima zote, habari ya utafiti huo ina sehemu ya pili ambayo haijasambaa kama ya kwanza. Mwaka 2010 Brendan Nyhan na Jason Reifler walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba baadhi ya watu wakisahihishwa kuhusu jambo la kisiasa huzidi kuliamini. Mfano wao uliojulikana sana ulihusu silaha za maangamizi za Iraq. Baadaye Thomas Wood na Ethan Porter wakalipima jambo hilohilo kwa watu zaidi ya 10,000 na mada 52, na karibu hawakuliona kabisa. Kwa kawaida watu wakipewa taarifa sahihi husogea kidogo kuelekea kwenye taarifa hiyo, hata kama hawabadili chama wala msimamo.

Kuna na utafiti wa 2024 uliotoka kwenye jarida la Science. Watu wanaoamini njama fulani walijadiliana na modeli ya lugha (programu ya akili mnemba inayoandika majibu), na imani yao ikapungua kwa takriban asilimia 20. Miezi miwili baadaye ilikuwa bado iko chini. Kinachonivutia hapo ni kwamba majibu yalilenga sababu alizozitoa mtu mwenyewe. Hakuna aliyemsomea hotuba ya jumla.

Kwa hiyo mleta uzi asiambiwe kwamba kazi yake ni bure. Si kweli, na inakatisha tamaa watu wachache wanaojali ukweli.

Wakili_Mnyenyekevu

Mkuu Kalamu, mimi ni mtu wa sheria na nimekaa kwenye mabishano haya muda mrefu. Ninachokiona ni kwamba watu wawili wanagombana huku wakijibu maswali tofauti. Katika mada zako zote tatu kuna maswali ya aina tatu: sheria imeandikwa nini, ilipaswa kusema nini, na nini kinatokea kweli. Mpinzani wako alianza na la kwanza ("haiwezi kumgusa"). Ulipomjibu akahamia la tatu ("mbona hajakamatwa") bila kutangaza kwamba amehama. Ulipomfuata huko bila kwanza kulifunga la kwanza, mjadala ukakosa pa kusimama.

Chukua ICC hiyohiyo. Kwenye maandishi, Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Roma kinaipa mahakama mamlaka pale kosa linapotendwa katika ardhi ya nchi mwanachama, au mtuhumiwa anapokuwa raia wa nchi mwanachama. Nchi isiyo mwanachama nayo inaweza kuyakubali mamlaka hayo kwa tamko. Kifungu cha 13 kinaongeza njia nyingine: Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa linaweza kupeleka suala mahakamani. Ndivyo ilivyokuwa kwa Darfur mwaka 2005, na Sudan haikuwa mwanachama. Hati dhidi ya Omar al-Bashir, aliyekuwa rais madarakani, zikatoka 2009 na 2010. Na Kifungu cha 27 kinasema cheo cha mtu hakimwondolei dhima. Hilo ni swali la kwanza, na mtu yeyote anaweza kulihakiki kwa kufungua mkataba.

Njoo kwenye swali la tatu. Hati dhidi ya Vladimir Putin ilitoka Machi 2023. Septemba 2024 akatembelea Mongolia, ambayo ni nchi mwanachama, akapokelewa, akaondoka. Mwezi uliofuata mahakama ikatamka kwamba Mongolia haikutimiza wajibu wake. Mahakama haina polisi, inategemea nchi wanachama. Kwa hiyo mpinzani wako ana haki kabisa ya kusema utekelezaji ni dhaifu, ila udhaifu huo haufuti kilichoandikwa. Mwambie yote mawili kwa pamoja, kabla hajauliza.

Kwenye akili mnemba utakutana na mkanganyiko uleule. Mtu atasema "Ulaya imepiga marufuku kamera za kutambua sura". Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja wa Ulaya ilipata nguvu ya kisheria 1 Agosti 2024, na makatazo yake yakaanza kutumika 2 Februari 2025. Kinachokatazwa kwa polisi ni kutambua watu kwa mbali na papo hapo katika maeneo ya umma, na hata hapo kuna misamaha, kama vile kumtafuta mtu aliyetekwa. Anayeipenda sheria hiyo na anayeichukia wote huizungumza kana kwamba misamaha haipo.

Kabla hujajibu chochote, andika: "Tunajadili kilichoandikwa, au kinachofaa, au kinachotokea?" Akijibu swali hilo kwa uaminifu, huyo kaa naye. Akilikwepa mara mbili, muda wako peleka kwingine.

Fundi_Mitambo

Naunga mkono, na kwenye teknolojia kuna swali la kutangulia kuliko hilo: mnazungumzia kitu kipi hasa? Mabishano ya faragha ya ujumbe yanaweza kuchukua siku nzima kwa sababu mmoja anafikiria ujumbe ukiwa njiani, mwingine anafikiria ujumbe uliohifadhiwa kwenye simu, wa tatu anafikiria nakala iliyoko kwenye seva ya kampuni. Usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, yaani kuuficha ujumbe kwa ufunguo walio nao mwandishi na mpokeaji tu, unalinda safari tu. Simu ikishikwa ikiwa imefunguliwa, ujumbe unasomeka. Nakala ya akiba ikihifadhiwa bila kusimbwa, nayo inasomeka. Na taarifa za nani kamwandikia nani, saa ngapi, ni suala jingine kabisa. Ukiwauliza watu wataje wanazungumzia sehemu ipi, nusu ya ugomvi unaisha, kwa sababu wote wawili walikuwa wanasema kweli kuhusu vitu viwili tofauti.

Ukikutana na anayesema "serikali ipewe tu ufunguo wake, tatizo liko wapi", usimjibu kwa hasira za siasa. Mpe historia. Mwaka 1993 serikali ya Marekani ilipendekeza kifaa kilichoitwa Clipper, ambacho ufunguo wake ungehifadhiwa na serikali. Mwaka 1994 Matt Blaze akaonyesha kwamba mtumiaji anaweza kuikwepa sehemu inayoipa serikali ufunguo huku akiendelea kutumia usimbaji wenyewe. Mpango ukafa. Mwenye nia ya kujadili atauliza maswali hapo, tena mazuri: je, leo inawezekana kutengeneza bora zaidi? Huo ni mjadala halali kabisa.

Kuhusu wabandikaji: modeli ya lugha huzalisha maneno yanayoelekea kufuatana. Haifungui kabati la mahakama kabla ya kutaja kesi, isipokuwa imeunganishwa na chanzo, na hata ikiunganishwa inabidi uhakiki. Mwaka 2023 huko New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili waliwasilisha mahakamani maamuzi ambayo hayakuwahi kuwepo, yaliyotungwa na ChatGPT. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Hao ni mawakili, tena mbele ya jaji. Mtu asiye na cha kupoteza mtandaoni unatarajia ahakiki?

Usimshutumu kwamba ametumia mashine. Huwezi kuthibitisha, na mada itageuka kuwa hiyo. Chagua kifungu kimoja katika vyote alivyobandika, mwombe akinukuu kutoka kwenye hati rasmi, kisha akueleze kwa maneno yake kinamaanisha nini. Kimoja tu.

Mzee_wa_Hoja

Binti nimekusoma, na maelezo hayo nimeyapokea. Ila hoja ya muda naibakiza. Alberto Brandolini, Mtaliano mtengeneza programu, alisema mwaka 2013 kwamba nguvu ya kukanusha upuuzi ni kubwa mara nyingi kuliko ya kuuzalisha. Kijana akijibu kila kitu atakonda.

Fundi_Mitambo

Ndiyo maana nimesema kimoja, mzee.

Msafiri_wa_Kusini

Nimesoma kote na kuna jambo linaniuma, niliseme. Wote mnamchukulia yule aliyerukia Iraq kama mtu anayekimbia mada. Mimi siamini hivyo. Sisi tuliotoka kwenye nchi ambazo hazina kura ya turufu tunaposikia "sheria ya kimataifa" kitu cha kwanza kinachotujia ni undumilakuwili. Iraq ilivamiwa 2003 bila idhini ya Baraza la Usalama. Kofi Annan, akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alisema hadharani mwaka 2004 kwamba vita ile ilikuwa kinyume cha sheria kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Walioshitakiwa kwa uvamizi ule ni nani? Hakuna.

Kwa hiyo mtu huyo hapingi Kifungu cha 12. Anauliza kwa nini aiheshimu mahakama ambayo wakubwa hawaiogopi. Marekani, Urusi na China si wanachama, na wote watatu wana kura ya turufu kwenye Baraza ambalo lina uwezo wa kupeleka mashauri huko. Hilo ni swali zito, na ukimjibu kwa "usihame mada" unamthibitishia kwamba na wewe ni walewale.

Mkuu Kalamu, kabla ya kumrudisha kwenye kifungu, kiri lililo la kweli kwenye malalamiko yake, kwa sentensi nzima, bila "lakini" nyuma yake. Ndipo uulize: je, mahakama kutokuwa ya haki kwa wote kunabadili mamlaka iliyonayo, au kunabadili heshima inayostahili? Mimi ningekaa kukujibu.

Wakili_Mnyenyekevu

Hapo umeongeza kitu ambacho sikukigusa, dada. Naomba niweke na tarehe, maana zitamsaidia: mamlaka ya ICC juu ya jinai ya uchokozi, yaani kuivamia nchi nyingine, yalianza kutumika 17 Julai 2018. Mwaka 2003 hata kama utashi ungekuwepo, mahakama isingeweza kumshitaki mtu kwa kosa la uvamizi wenyewe.

Kalamu_Tulivu

Wakuu, asanteni kwa moyo. Dada Msafiri, ulichoandika kimenifanya nimsome upya yule jamaa, na naona alikuwa anasema hivyo tangu mwanzo. Lile swali lake la nani ananilipa sitalijibu. Haya nimeyaandika nimpelekee, naomba mnikague:

"Ndugu, malalamiko yako kuhusu Iraq ni ya haki. Nchi ilivamiwa bila idhini ya Baraza la Usalama na hakuna aliyeshitakiwa kwa kuivamia. Nilichokipinga ni jambo moja: kwamba ICC haina mamlaka kabisa juu ya kiongozi wa nchi isiyo mwanachama. Kifungu cha 12 kinaipa mamlaka hayo kosa likitendwa katika ardhi ya nchi mwanachama au iliyoyakubali mamlaka, na Kifungu cha 13 kinaipa kupitia Baraza la Usalama. Kwamba inashindwa kukamata wenye nguvu, tunakubaliana. Unaonaje: tuijadili mamlaka yake, au haki yake? Chagua wewe, nitakufuata huko huko."

Wakili_Mnyenyekevu

Nzuri sana. Rekebisha mahali pamoja. Uliyoandika ni sahihi kwa mauaji ya kimbari, jinai dhidi ya ubinadamu na jinai za kivita. Kwa jinai ya uchokozi kuna ubaguzi: Kifungu cha 15 bis kinasema mahakama haitatumia mamlaka yake ikiwa kosa hilo limetendwa na raia wa nchi isiyo mwanachama au katika ardhi yake. Njia inayobaki ni Baraza la Usalama. Na kwa kuwa wewe mwenyewe umeitaja Iraq, akiwa anajua atakushika hapo hapo, na atakuwa na haki.

Kalamu_Tulivu

Nimeongeza sentensi kuhusu uchokozi baada ya Kifungu cha 13. Naituma sasa hivi, akijibu nitaleta hapa.

Msafiri_wa_Kusini

Ilete, hata akijibu kwa ukali. Na kama atachagua haki badala ya mamlaka, niite.