Nimeitwa MBWA mbele ya mama mkwe, na nyumba nimeileta mimi

Mzee wa Majani Marefu

Wakuu, sijalala. Mkiona herufi zimerukwa mjue ni hasira, shule nilisoma.

Huyo mwalimu wetu wa biashara ya nyumba simtaji na hakuna haja. Kila Mswahili wa Houston aliyewahi kuota kuacha zamu ya usiku amepita mikononi mwake. Yule yule wa "nyumba bila mtaji, bila leseni, bila historia ya mkopo". Yule anayerekodi video ndani ya gari ambalo halijawahi kuonekana likitembea. Mnamjua. Mnaosema hammjui ndio mliomlipia kozi mbili.

Jana saa mbili usiku, darasa la Zoom. Watu arobaini na ushee. Mama mkwe wangu, hana hata wiki mbili tangu ashuke huku Marekani, ameketi kwenye kochi anakunja nguo za mjukuu. Nikaweka sauti juu makusudi. Nikamwambia kabisa: "Mama, leo sikiliza, leo natajwa."

Nikatajwa.

"Na huyu hapa ndiye mbwa wangu wa ndege. Bado mdogo, lakini pua anayo."

MBWA. Mbele ya mzazi wa mke wangu. Pua anayo!

Najua, Wamarekani wana neno lao la namna hiyo kwa mtu anayezunguka kutafuta nyumba chakavu na kupeleka taarifa kwa mwenye kuingia mkataba. Wanamfananisha na mbwa wa mwindaji anayeonyesha ndege alikojificha. Kwao linapita. Sasa wewe ulilitafsiri la nini? Ulikaa chini ukatafakari, ukaona hili nalo nilivushe hivi hivi na mkia wake? "Mtafutaji" hukuliona? "Kijana wangu" lingekuunguza ulimi?

Na nyumba yenyewe nimeipata mimi. Jumamosi tatu naendesha gari mwendo wa jongoo mitaani natazama majani yaliyofika dirishani, sanduku la barua lililofurika, turubai la bluu juu ya paa. Hii ilikuwa na vyote vitatu. Nikagonga. Mzee mwenye nyumba akanikaribisha, nikakaa naye saa mbili na nusu ananionyesha friza la marehemu mkewe ambalo hataki kulifungua na hataki kulizima. Saa mbili na nusu, wakuu. Mbwa gani anakaa saa mbili na nusu kusikiliza habari za friza?

Huyo bwana akaja siku ya kusaini. "Andika jina la kampuni yangu, weka 'na/au mteuliwa wake', maneno ya mikataba wewe bado. Tutagawana nusu kwa nusu." Kwa mdomo. Bei dola 82,000. Amana dola 10. Nimesema kumi, nauli ya basi la kwenda na kurudi inaikaribia. Zikaandikwa na siku za kujitoa, eti za kukagua nyumba, kumbe ni za kutafuta mnunuzi. Ndiyo holseling yenyewe: unafunga mkataba na mwenye nyumba, hununui, unauuza mkataba kwa mwenye pesa, cha juu unaweka mfukoni. Siku ya sita mkataba ukapita kwa 111,000. Cha juu 29,000. Mimi nikarushiwa dola 500 na ujumbe wa maneno mawili: "ya mafuta".

Hiyo 500 ningeimeza. Nimeshameza makubwa zaidi ya hayo. Mbwa ndiye aliyenikwama hapa.

Maana mama mkwe alinyamaza. Akakunja kigauni kimoja mara nne mpaka kikawa kama leso. Halafu bila kunitazama: "Baba, huko kazini kwenu ndivyo wanavyokuita?" Nikasema ni msemo tu, mama. Akasema, "Ahaa."

Hiyo "ahaa" naisikia mpaka saa hizi naandika.

Na leo asubuhi naletewa ujumbe na namba nisiyoijua: "Fursa mpya kabisa, haijamfikia mtu, 124,000." Nafungua picha, nyumba ni ile ile, picha ni zile nilizopiga mimi. Kwenye kioo cha bafuni naonekana mwenyewe nimeshika simu.

Nimfanyeje? Mtu mzima, watoto wawili, kadi ya kazi ina picha yangu. MBWA!

Fundi Msumari

Pole sana mkuu. Swali dogo tu: ulibweka?

Kapu la Jirani

"Pua anayo" 😂😂 Siendelei na kazi leo.

Fundi Msumari

Mbwa wa ndege si wale wanaonusa mabegi uwanja wa ndege?

Mzee wa Majani Marefu

Acha tu. Ndivyo mama mkwe alivyowaelewesha watu nyumbani. Kundi la familia limejaa pongezi tangu alfajiri, "tumesikia mkwe amepata kazi ya serikali uwanja wa ndege, kitengo cha mbwa". Shemeji mmoja ameshauliza kama nafasi bado zipo.

Karani wa Hati

Mimi niko ofisi ya kufungia mauzo, karatasi hizi nazishika kila siku. Cha juu mara nyingi hakifichiki, kina mstari wake kwenye karatasi ya mahesabu. Nimeshaona mwenye nyumba, kalamu mkononi, anaweka kidole pale na kuuliza "huyu wa 29,000 ni nani?" na meza nzima inatazama dari. Ndiyo maana wengine hufunga mara mbili: asubuhi mwenye nyumba anamuuzia mtu wa kati, mchana mtu wa kati anamuuzia mnunuzi, kila mmoja na karatasi yake, hakuna anayeona ya mwenzake.

Sasa wewe hukuandikishana chochote. Na hata mngeandikishana, mtu asiye na leseni ya udalali kulipwa kwa kuleta nyumba ni balaa jingine kwenye majimbo mengi. Ukienda mahakamani na hiyo 500 mkononi mnaweza kujikuta mmekaa benchi moja wewe na yeye.

Mzee wa Majani Marefu

Karani, nashukuru, ila sijauliza ya karatasi. Nauliza ya mbwa.

Mnunuzi Asiye na Haraka

Subiri kwanza. Kioo cha bafuni, fulana ya mistari, mdomo wazi?

Ndugu yangu, KUMBE NI WEWE. Nimeletewa hiyo nyumba mara nne wiki hii na watu wanne tofauti. Mmoja 124, mmoja 127, mmoja 131, na wa mwisho hakuandika bei, aliandika "njoo na ofa yako ya mwisho". Kila mmoja anaapa amezungumza na mwenye nyumba ana kwa ana. Mke wangu anakuita "jamaa wa kioo".

Na kwa kuwa mmeniamsha, nami niseme yangu. Kanuni ya asilimia 70 mnaikariri kama watoto wa chekechea: bei ya baada ya ukarabati mara 70 kwa mia, toa matengenezo, toa cha juu. Nyumba ya 200,000, matengenezo 40,000, cha juu 10,000, mwisho wa kumlipa mwenye nyumba ni 90,000. Hesabu haina kosa. Uongo uko kwenye zile namba mbili za mwanzo. Texas bei za mauzo haziwekwi hadharani, basi kila mtu anaota ya kwake. Nyumba ya kulinganisha inachukuliwa ng'ambo ya barabara kuu, ina bwawa la kuogelea, yetu ina dimbwi. "Matengenezo madogo, rangi na zulia, 15,000." Nilifika kwenye moja, mwanangu akaweka gololi sebuleni, ikajiondokea yenyewe, ikapita mlango wa chumba, ikagonga ukuta wa jikoni. Udongo wa mfinyanzi huu wa Houston, msingi umepasuka vipande viwili. Rangi na zulia!

Kapu la Jirani

Gololi ina pua.

Mwanafunzi Mtiifu

Nyie wote wivu tu. Mwalimu ametutoa mbali. Mbona hamsemi watu aliowafungua macho? Mbwa wa ndege siyo tusi, ni ngazi ya kwanza. Wote tulianzia hapo. Mtu hauzi nyumba, anauza haki yake ndani ya mkataba, hiyo ni halali kabisa.

Fundi Msumari

Ngazi ya pili anaitwaje? Fisi?

Mwanafunzi Mtiifu

Ngazi ya pili ni mshirika. Inalipiwa dola 1,997.

Fundi Msumari

Basi bora ubaki na mkia wako.

Shangazi wa Chicago

"Halali kabisa" ya jimbo gani, mwanangu? Huku Illinois tangu 2019 ukifanya zaidi ya mkataba mmoja ndani ya miezi 12 unatakiwa uwe na leseni. Oklahoma walitunga sheria yao 2021. South Carolina 2024 wakaipiga marufuku. Hapo Texas kwenu tangu 2017 unatakiwa useme wazi kwamba unachouza ni haki ndani ya mkataba, nyumba si yako. Huyo aliyetuma "nauza nyumba" na picha ya jamaa wa kioo, alisema?

Mzee wa Majani Marefu

Shangazi shikamoo. Naomba msiniite jamaa wa kioo.

Shangazi wa Chicago

Marahaba baba. Ila fulana hiyo badilisha.

Mama wa Nyumba ya Kona

Mnalia ninyi, sisi mnaotuwinda je, tulie wapi? Mwaka jana nilisafiri wiki sita kumuuguza dada. Majani yakaota. Basi. Nimerudi nikakuta barua 17 za karatasi ya njano, mwandiko wa mkono: "Mimi na mke wangu tumeipenda nyumba yako, tungependa kuinunua kwa fedha taslimu." Watu 17 na wake zao! Wote mwandiko mmoja, herufi "g" ina mkia ule ule umepinda kushoto. Nikalowesha kidole nikasugua, wino hautoki. Ni mashine.

Na simu. Jina langu liko kwenye orodha ya wasiopigiwa simu za biashara miaka yote, lakini wanapiga. Kijana mmoja aliniambia anasikitika kusikia nimefariki.

Karani wa Hati

Mama, hizo simu ziandike tarehe na saa, na ujumbe usifute. Sheria ya simu za biashara ya 1991 inaruhusu kudai mpaka dola 500 kwa simu moja, na mahakama ikiona ni makusudi inaweza kufika 1,500. Kuna watu waliacha holseling kwa barua moja tu ya wakili.

Mama wa Nyumba ya Kona

Zipo 63 kwenye simu. Ngoja nivae miwani.

Kapu la Jirani

63 mara 500… Mama, unahitaji mshirika? Nusu kwa nusu, kwa mdomo tu.

Njano Njano

Naomba nitubu. Mwandiko huo wa "g" naujua, ulikuwa kwenye kozi, somo la nne. Nilituma 800. Na mke sina.

Mama wa Nyumba ya Kona

Kumbe na wewe! Na ile sahihi ya mkeo chini, ilikuwa ya nani?

Njano Njano

Imo kwenye mashine mama.

Mzee wa Majani Marefu

Jamani uzi huu ni wa mbwa. Kuna mtu atanijibu? Nimempigia leo mara tatu hapokei, halafu ameweka video mpya, yuko kwenye lile gari, anasema "wengine ukiwalea wanakuuma". WANAKUUMA. Amerudia tena!

Mnunuzi Asiye na Haraka

Jamaa wa kioo, yule mzee wa friza namba yake bado unayo? Mkataba ukivunjika mimi naweza kumlipa vizuri, na friza abaki nalo.

Mwanafunzi Mtiifu

Huwezi kumpigia. Kampuni ya Mwalimu imeshasajili kumbukumbu ya mkataba kwenye hati za nyumba huko kaunti. Nyumba haiuziki mpaka aiondoe.

Shangazi wa Chicago

Eh! Kwa amana ya dola 10 amemfungia mzee wa watu nyumba yake?

Mama wa Nyumba ya Kona

Ndiyo maana mimi siku hizi nakata majani kila Jumamosi, hata kukiwa na jua la kuua. Mashine yangu ya petroli imenichosha lakini, kamba navuta mpaka bega linalia. Mnatumia ipi?

Fundi Msumari

Achana na petroli mama, chukua ya betri. Nyasi za Houston zikikauka unamaliza uwanja wa mbele kwa chaji moja.

Njano Njano

Ya betri haifiki uwanja wa nyuma. Nimeijaribu.

Fundi Msumari

Uliijaribu kwenye umande. Nani anakata nyasi saa moja asubuhi?

Kapu la Jirani

Mwenye kujificha na wake 800.

Mama wa Nyumba ya Kona

Ya betri ni bei gani sasa? Na upana wa kisu usiwe mdogo, uwanja wangu una mti katikati.